Kutoka Uwanja wa Ndege wa Zanzibar mpaka hotelini: daladala, basi dogo, teksi, gari la hoteli au la kukodi?

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume uko Kisauni, upande wa kusini-magharibi mwa Unguja, kilomita chache tu kutoka Mji Mkongwe. Hoteli nyingi za ufukweni ziko kwengine kabisa: Nungwi na Kendwa kwenye ncha ya kaskazini, Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa kaskazini-mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani na Michamvi kusini-mashariki. Kwa hiyo mtu huruka dakika 20 kutoka Dar es Salaam, kisha akakaa saa nzima na nusu barabarani. Wengi huipangia tikiti ya ndege hesabu ya makini, wakaiacha safari ya barabarani mpaka washuke. Hapo ndipo pesa inapovuja.

Bei zote humu ni za kupangia bajeti, kwa shilingi za Tanzania, na dola moja imehesabiwa kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Bei hupanda msimu wa wageni wengi, yaani Juni hadi Oktoba na tena Disemba hadi Februari. Hupanda pia mafuta yanapopanda, na bei ya mafuta Zanzibar hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati. Weka nyongeza ya asilimia 15 juu ya hesabu yako, usiibane mpaka shilingi ya mwisho.

| Njia | Bei ya kwenda tu, Nungwi au Paje | Muda | Bei ni ya |
|---|---|---|---|
| Daladala, kwa kubadilisha gari | 4,000 – 8,000 | saa 2 hadi 3 na nusu | kichwa |
| Basi dogo la pamoja | 20,000 – 30,000 | saa 1 na nusu hadi 2 na nusu | kichwa |
| Teksi | 80,000 – 130,000 | saa 1 hadi 1 na nusu | gari |
| Gari la hoteli | 125,000 – 200,000 | saa 1 hadi 1 na nusu | gari, mara nyingine kichwa |
| Gari la kukodi | 90,000 – 125,000 kwa siku, bila mafuta | saa 1 hadi 1 na nusu | siku |

Safu ya mwisho upande wa kulia, ile ya "Bei ni ya", ndiyo ya kutazama kwanza. Ugomvi mwingi wa nauli huzuka kwa sababu mmoja alitaja bei ya kichwa na mwenzake akasikia bei ya gari. Hoteli ikikuandikia "usafiri dola 20", uliza: dola 20 kwa kila mtu au kwa gari? Familia ya watu wanne ikitozwa kwa kichwa italipa dola 80, yaani shilingi 200,000, kwa safari ambayo teksi ingeifanya kwa 110,000.

Kwa nini teksi ya Nungwi haiwezi kuwa shilingi 40,000

Kabla ya kubishana bei, ijue hesabu ya dereva. Kutoka uwanjani hadi Nungwi ni kilomita 60 na ushei. Dereva anakupeleka, na mara nyingi anarudi mtupu, kwa hiyo analipia kilomita zisizopungua 120. Gari aina ya Noah, ambazo ndizo nyingi, hula lita moja kwa kilomita 10 hivi, na chini ya hapo kiyoyozi kikiwa kimewashwa na gari limejaa. Ni kama lita 12. Lita ikikaribia shilingi 3,000, mafuta pekee ni 36,000. Bado kuna fungu la mwenye gari (wengi huendesha magari ya watu), matairi, maegesho, na saa tatu au zaidi za kazi.

Kwa hiyo mtu akikukubalia 40,000 upesi, kuna jambo. Ama atapakia wengine njiani, ama atakupitisha kwenye duka la viungo au ofisi ya safari za kitalii inayomlipa kamisheni, ama mkifika atadai kuwa mlikubaliana "mpaka Nungwi mwanzo" na hoteli yako iko mbele zaidi. Bei ya haki kwa anayezungumza Kiswahili na asiye na haraka ni 80,000 hadi 100,000 mchana, na ukilipa 110,000 msimu wa wageni hujaibiwa. Paje ni karibu zaidi, chini ya kilomita 50, kwa hiyo toa 10,000 au 15,000. Kiwengwa iko katika kundi la Paje, Matemwe karibu na Nungwi. Michamvi huwadanganya wengi. Kwenye ramani inaonekana ng'ambo tu ya Ghuba ya Chwaka, lakini barabara inashuka mpaka Paje kisha inapanda tena rasini, kwa hiyo bei yake inakaribia ile ya Nungwi.

Mjini ni hadithi nyingine. Ni kilomita 6 au 7, na teksi huanza kutajwa 40,000 ikamalizikia 20,000 hadi 25,000.

Namna ya kuuliza ni nusu ya bei. Salimu kwanza, ndipo utaje mahali kamili, idadi ya watu na mabegi, kwa pumzi moja:

"Asalaam aleikum, ami. Tuko wanne, mabegi manne, tunakwenda Nungwi, hoteli iko upande wa mnarani. Gari nzima, mpaka mlangoni, na maegesho humo humo. Shilingi ngapi?"

Ukiuliza "Nungwi bei gani?" umeacha milango minne wazi: watu wangapi, mizigo mingapi, Nungwi ipi, na ada nani analipa. Dereva atajibu kwa dola akikuona una begi la mgeni. Jibu kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinataka bei za bidhaa na huduma za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi, na hata bila kanuni, dola hukupotezea pesa mara mbili: bei hukatwa kwa kiwango cha dereva, na chenji hurudi kwa kiwango cha dereva.

Papasi, yaani vijana wanaokudaka nje ya mlango kabla hujafika kwa dereva, wana fungu lao ndani ya bei. Ukimfuata papasi, ongeza 10,000 hadi 20,000. Nenda mwenyewe penye foleni ya teksi, zungumza na mtu atakayeshika usukani, na litazame gari kabla ya kukubali. Mabegi manne makubwa hayaingii kwenye buti ya gari dogo. Hapo ndipo unaambiwa kuwa sasa inabidi Noah, na bei inaanza upya.

Daladala: rahisi mno kwa fedha, ghali kwa mzigo

Daladala ya uwanja wa ndege ni namba 505, kati ya uwanja na mjini. Nauli yake haifiki shilingi 1,000. Huingii nayo Nungwi wala Paje. Unakwenda nayo mjini, kisha unapanda gari la shamba, yaani la vijijini: 116 kwa Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 324 Bwejuu, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. La Jambiani na la Bwejuu yote hupita Paje. Nauli za shamba ni kati ya 2,000 na 3,500.

Usishikilie jina la kituo uliloandikiwa miaka iliyopita. Magari yamehamishwa mara kadhaa kati ya Darajani, Kijangwani na Mwanakwerekwe kwa ajili ya ujenzi wa masoko na stendi. Mwambie konda wa 505, "Naenda Nungwi, nishushe penye gari za 116," naye atakushusha panapofaa siku hiyo.

Kwa anayekwenda kusini kuna njia ya mkato. Magari ya Paje, Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi yote hutoka kwa upande wa Mwanakwerekwe, na Mwanakwerekwe iko karibu na uwanja kuliko Darajani ilivyo. Bodaboda ya shilingi 4,000 au 5,000 kutoka uwanjani hadi Mwanakwerekwe hukuokolea nusu saa ya kuingia mjini na kutoka tena kwenye foleni ile ile. Hii ni kwa mwenye begi la mgongoni tu. Sanduku la magurudumu juu ya bodaboda ni ajali inayongoja mahali.

Magari ya shamba ni ya aina mbili: mabasi ya kawaida, na malori madogo yaliyojengewa bodi ya mbao, viti viwili virefu vya ubavuni, abiria wanatazamana. Humo ndani hakuna buti. Mzigo unakwenda juu ya kerio, pamoja na magunia, ndoo na baiskeli za watu. Konda atatoza 1,000 hadi 3,000 kwa sanduku kubwa, na hiyo ni halali kwa sababu linachukua nafasi ya mzigo wa biashara. Mambo matatu huharibika hapo. Mvua ikinyesha na turubai ni fupi, sanduku la kitambaa hulowa mpaka ndani, kwa hiyo livishe begi mfuko wa plastiki mapema. Kompyuta na kamera zisipande juu, zipakate. Na ukishuka, hesabu mizigo gari likiwa limesimama, kwa sababu konda akigonga bodi mara mbili gari limeshaondoka.

Kisha kuna kilomita ya mwisho. Daladala inapita barabara kuu. Hoteli nyingi za Jambiani, Matemwe na Michamvi ziko mita 300 hadi kilomita 2 kutoka lami, njia ya mawe ya matumbawe inayovunja magurudumu ya sanduku ndani ya hatua hamsini. Tia 2,000 hadi 5,000 ya bodaboda ya kijijini kwenye hesabu, au mwambie mwenye nyumba aje akupokee barabarani.

Daladala huanza alfajiri na hupungua sana jua likizama. Ndege ikitua saa 9 alasiri, ukachelewa kwenye mizigo, ukafika penye gari za shamba saa 11, unaweza kulipata la mwisho au usilipate. Ijumaa magari hupungua kuanzia saa 6 mchana mpaka sala iishe. Mwezi wa Ramadhani, baada ya saa 10 alasiri kila mtu anakimbilia kufuturu kwake, magari yanajaa hapo hapo, na baadaye barabara inakuwa tupu. Sikukuu mbili za Idi, na siku za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi mwezi wa Julai, mgeni mwenye mizigo asiitegemee kabisa.

Basi dogo la pamoja

Hili ni la katikati: basi dogo au Noah inayokusanya wasafiri wa hoteli mbalimbali na kutoza kwa kichwa. Mengi yanaanzia Mji Mkongwe asubuhi, machache yanachukua watu uwanjani kufuata saa za ndege. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama yanafaa. Linaloanzia mjini linakulazimisha kulipa kwanza teksi ya 25,000 mpaka mjini, isipokuwa ulale mjini usiku wa kwanza, na kwa wengi hilo ni jambo zuri.

Hesabu ya kuvuka kutoka basi dogo kwenda teksi ni hii. Chukua basi dogo kwa 25,000 kwa kichwa na teksi ya Nungwi kwa 110,000. Basi likikuchukua uwanjani, watu wanne wanalipa 100,000, kwa hiyo wanaokoa 10,000 tu, na watano wanalipa 125,000, kwa hiyo teksi imeshashinda. Basi likianzia mjini, ongeza 25,000 ya kufika huko: watu watatu ni 100,000, wanne ni 125,000. Kwa ufupi, mmoja na wawili wapande basi dogo, watatu wapime, wanne na kuendelea wachukue teksi.

Kasoro yake ni muda. Basi lenye hoteli sita za kushusha kati ya Kiwengwa na Nungwi huingia na kutoka kwenye vijia sita. Uliza utashushwa wa ngapi. Wa mwisho anaweza kukaa saa nzima zaidi ya wa kwanza kwa bei ile ile.

Gari la hoteli: unalipia nini hasa

Bei yake ni ya juu kwa 30,000 hadi 70,000 kuliko teksi uliyojadiliana mwenyewe, na mara nyingine dereva ni yule yule wa kwenye foleni, hoteli ikakata chake katikati. Hata hivyo kuna watu ambao kwao ni chaguo sahihi: anayetua usiku wa manane, mwenye watoto wadogo, mwenye mzee asiyeweza kusimama, na yeyote anayefika kwa ndege ya kimataifa, ambako foleni ya uhamiaji inaweza kula saa nzima na dereva akaendelea kungoja bila kuongeza bei.

Hapo kwenye "kungoja" ndipo pa kusoma vizuri. Uliza wangoja dakika ngapi bure, na wanaanza kuhesabu ndege ikitua au wewe ukitoka. Mwenye pasipoti ya kigeni, wakiwemo wenzetu waliochukua uraia wa Ulaya, Marekani au Ghuba, ajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wasio wakaazi wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Asiyeilipa mtandaoni mapema atailipa pale pale, na foleni hiyo nayo inamla dereva muda.

Makosa makubwa ya gari lililoagizwa ni ya saa na tarehe, na sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili ndio tunaoingia humo zaidi. Tikiti inasema 15:00, wewe unaandika "saa 3", dereva anakuja saa 3 asubuhi, anangoja, anaondoka, kisha anadai safari mbili. Andika tarakimu za tikiti na maneno pamoja: "ndege inatua 15:00, yaani saa 9 alasiri." Kwa ndege za baada ya usiku wa manane, tarehe ndiyo mtego. Ndege ya 00:40 tarehe 12 inatua usiku wa kuamkia tarehe 12. Ukisema "usiku wa tarehe 12", dereva atakuja saa 24 baadaye. Ujumbe unaotosha ni huu:

"Ndege namba …, inatoka Doha, inatua 00:40 usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 12. Watu 4, wakiwemo watoto 2, mabegi 4 makubwa. Tunakwenda Kendwa, si Nungwi. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 150,000 gari zima, tunalipa tukifika. Nitumie jina la dereva na namba ya gari siku moja kabla."

"Kendwa, si Nungwi" haimo kwa mapambo. Vijiji hivi vimepakana na hoteli zake zina majina yanayofanana. Vivyo hivyo Michamvi Pingwe na Michamvi Kae, au Kiwengwa na Pwani Mchangani. Tuma na alama ya ramani ya mlango wa hoteli.

Mtu akitaka ulipe yote kabla ya kufika, toa si zaidi ya robo. Aliyelipwa yote hana haraka ya kuamka saa 8 za usiku.

Kukodi gari au vespa

Kukodi kwa ajili ya kutoka uwanjani tu ni kutupa pesa. Gari la siku nne kwa 100,000 ni 400,000, mafuta kama 60,000, na mgeni wa nje analipia kibali cha kuendesha cha Zanzibar. Jumla inapita 460,000. Teksi ya kwenda na kurudi Nungwi ni 220,000. Inabaki tofauti ya 240,000, ambayo ni safari mbili ndefu za siku nzima kwa teksi, au tatu za karibu. Basi kipimo ndicho hicho: kama katika siku nne utatoka hotelini mara tatu au zaidi kwenda mbali (msitu wa Jozani, Kizimkazi, mjini, mashamba ya viungo), kodi. Kama utakaa ufukweni, usikodi.

Ukikodi, kabla ya kuondoka uwanjani zunguka gari ukipiga video ya kila mkwaruzo, kioo, tairi ya akiba, jeki na geji ya mafuta. Magari mengi hukabidhiwa tangi likikaribia kuwa tupu, na unarudisha hivyo hivyo, kwa hiyo usijaze tangi zima kwa safari ya 120 km. Hakikisha bima na kibali viko kwa jina lako na tarehe ni sahihi. Askari wa barabarani husimamisha magari mara kwa mara kwenye njia za kaskazini na kusini, na karatasi ikipungua ni wewe uliyekaa kwenye usukani. Vituo vya mafuta huwa vichache ukishaondoka mjini, hivyo jaza kiasi kabla ya kushika njia ya shamba. Usiku ng'ombe na baiskeli zisizo na taa ni hatari ya kweli kwenye barabara hizo, na Jozani kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kuwakinga kima punju wanaovuka. Anayeyapita kwa kasi huwaua kima na kuvunja gari la watu.

Vespa au pikipiki kwa 25,000 hadi 40,000 kwa siku ni nzuri ukishafika. Kwa kutoka uwanjani na mzigo, achana nayo.

Kutua usiku

Kuanzia saa 2 usiku daladala na basi dogo zimetoka kwenye hesabu. Teksi zinabaki, chache kadiri usiku unavyokwenda, na bei hupanda 20,000 hadi 30,000. Kwa msafiri mmoja, kulala mjini hushinda mara nyingi: teksi fupi 30,000, chumba cha nyumba ya wageni 50,000, asubuhi daladala 3,000, jumla 83,000 dhidi ya 130,000 za kwenda Nungwi gizani, na chumba cha Nungwi cha usiku ule ambacho ungekilipia kwa saa nne za usingizi. Familia inayohitaji vyumba viwili hesabu inageuka. Hao wachukue gari la kuagiza, waende moja kwa moja.

Mifano miwili mpaka shilingi ya mwisho

Mtu mmoja, begi la mgongoni, anatua saa 4 asubuhi, anakwenda Paje. Bodaboda hadi Mwanakwerekwe 5,000, daladala 309 au 324 kwa 3,000, bodaboda ya kijijini 2,000. Jumla 10,000, saa mbili na kidogo. Teksi ingemla 85,000 au 90,000. Kwa mtu huyu daladala haina mshindani, na akitua saa 11 jioni basi dogo la 25,000 ndilo la pili.

Watu wazima wawili na watoto wawili, masanduku manne, wanatua saa 8 mchana, wanakwenda Nungwi. Daladala: 505 kwa wanne 3,200, gari la 116 kwa wanne 12,000, masanduku 8,000, bodaboda mbili za mwisho 6,000. Jumla 29,200, na saa tatu au zaidi za kuhamisha masanduku manne mara mbili na watoto waliolala. Teksi 110,000, mlango kwa mlango. Wanalipa 80,800 zaidi, yaani kama 20,000 kwa kichwa. Kwa safari ya kwenda, hiyo pesa itoke. Kama bajeti ni finyu, waibane safari ya kurudi, ambako wameshajua njia, masanduku yamepungua uzito na watoto wamepumzika. Daladala ya asubuhi ya Nungwi hadi mjini, kisha teksi fupi au 505, inawezekana ndege yao ikiwa ya alasiri au jioni.

Pesa ndogo ndogo za kuweka pembeni kwa kila mfano: 2,000 hadi 5,000 za mchukuzi ukimpa begi lako (asiyetaka aseme mapema "nashukuru, nabeba mwenyewe", kwa sababu begi likishashikwa kazi imeanza), na noti za 1,000 na 2,000 za nauli. Mashine ya fedha hutoa noti za 10,000, na konda wa 505 hana chenji yake. Nunua maji ya kunywa uvunje noti.

Kurudi, ambako bei ni yako

Safari ya kurudi ndiyo rahisi kupunguza. Kila siku madereva huleta wageni Nungwi na Paje na kurudi watupu, na dereva anayerudi mtupu akipata 60,000 au 70,000 ameokota. Siku mbili kabla, uliza hotelini na kwa wenye maduka ya jirani nani analeta wageni siku ya safari yako na saa ngapi. Ukikubaliana kwenda na kurudi na dereva mmoja tangu uwanjani, dai punguzo la asilimia 10 hadi 20, lakini lipa kila safari ikiisha.

Muda hesabu kwa kurudi nyuma. Ndege ya kimataifa ya 16:30 ni saa 10 na nusu alasiri. Ondoa saa 3 za uwanjani: saa 7 na nusu mchana uwe mlangoni. Ondoa saa 1 na nusu za barabara ya Nungwi, na nusu saa ya foleni kuanzia Bububu kuingia mjini: saa 5 na nusu asubuhi gari liondoke hotelini. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ongeza nusu saa nyingine kwa madimbwi. Kwa ndege ya ndani saa moja na nusu uwanjani inatosha. Soma kwenye tikiti unaondokea jengo namba ngapi na umtajie dereva kabla hajaingia getini, maana akikushusha jengo siyo utavuta masanduku juani, au utalipa tena kuzungushwa.